Ukiombwa Msaada, Usikimbilie Kusema Ndiyo

Swali ni lile lile, liulizwe Umoja, Kayole, Dandora au Donholm, hapa Eastlands ya Nairobi: "Mimi watu hunitegemea. Nikiombwa natoa, nikitumwa naenda. Lakini mwisho wa mwezi sina kitu, na moyoni nimejaa uchungu. Nikikataa nitaonekana mbaya. Nifanyeje?"

Wanaouliza hivi si wachoyo. Mchoyo hakosi usingizi kwa ajili ya mchango. Hawa ni watu wema ambao mambo mawili yamewachanganyikia: kumfaa mwenye shida, na kutaka kila mtu awaseme vizuri. Kwa macho mambo hayo yanafanana, maana yote mawili hutoa pesa, huamka usiku, hubeba jeneza. Tofauti yake hujitokeza mapema, kabla hata mfuko haujafunguliwa. Anayesaidia huuliza maswali. Anayetafuta kupendwa hukubali haraka.

Sababu yake ni rahisi. Kuuliza kunahatarisha sifa. Ukimuuliza mtu deni ni la nini, ameshaongea na nani, na pesa zinazobaki zitatoka wapi, huenda akanuna. Huenda akasema una maswali kama polisi. Anayeogopa kununiwa hayaulizi maswali hayo. Anatoa, anashukuriwa, na shida inabaki pale ilipokuwa.

Mfano wa ploti moja

Tuseme ni ploti ya Kayole, na mama wa ghorofa ya pili mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Anabisha mlango wa kwanza. Jirani anasikia neno "karo", anatoa simu na kumtumia elfu mbili papo hapo. Anaombewa baraka, na kufikia jioni ploti nzima imesikia.

Anabisha mlango wa pili. Huyu anamkaribisha akae. Anamuuliza: deni lote ni kiasi gani? Umemwona mwalimu mkuu? Ukilipa nusu watampokea? Baba yake anasemaje? Katika mazungumzo inajulikana kwamba deni ni elfu kumi na moja, kwamba mama hajaenda shuleni kwa kuona haya kwenda peke yake, na kwamba mzazi akifika mwenyewe na kuandika barua ya kulipa kidogo kidogo, mtoto anaweza kupokelewa. Jirani wa pili anatoa elfu moja tu. Lakini kesho yake anachelewa kufungua kibanda chake, anaandamana na mama huyo hadi shuleni, na mtoto anarudi darasani.

Wa kwanza hakukosea kutoa. Elfu mbili zake zilifaa. Lakini kama mama angeishia mlango ule, pesa zingeingia kwenye unga na deni la dukani, mtoto angekaa nyumbani wiki nyingine, na jirani mkarimu angeshangaa kuombwa tena. Hapo ndipo uchungu huanza: "Si nilimpa juzi?"

Dalili za kujichunguza

Pitia orodha hii ukiwa peke yako, wala usiione kama hukumu.

- Unakubali kabla mtu hajamaliza kueleza shida yake.
- Unatoa zaidi mkiwa wengi kuliko mkiwa wawili.
- Baada ya kutoa unafuatilia kama umetajwa, lakini hufuatilii kama shida imekwisha.
- Unamkasirikia uliyemsaidia asipokupigia simu kushukuru.
- Wa nyumbani kwako hupata mabaki. Mtoto anangoja viatu mwezi wa pili, na mtaani unaitwa "mtu wa watu".
- Namba fulani ikiita, unaiacha iite mpaka ikatike.

Hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Mtu asiyeweza kukataa huishia kujificha. Anazima simu, anapitia njia ya nyuma asikutane na jirani, anamwambia mtoto aseme "Baba ameenda kazini". Ukijiona huko, jua kwamba ndiyo zako zimekuwa nyingi kuliko uwezo wako, na watu uliotaka wakupende ndio sasa unaowakimbia.

Kabla ya kuweka PIN

Kwanza, jipe muda. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, pesa zinaweza kumfikia mtu kabla hujamaliza kufikiri, na waombaji wanalijua hilo. Isipokuwa mtu anavuja damu au nyumba inaungua, hakuna ombi lisiloweza kungoja kwa muda wa saa tatu. Sema: "Nimekusikia. Nitakupigia jioni saa moja nikupe jibu." Kisha piga simu saa moja kweli.

Ndani ya muda huo jiulize yafuatayo.

*Shida yenyewe ni ipi, na itaisha lini?* "Nimekwama" si shida inayoeleweka. Kodi ya mwezi huu, dawa ya siku saba, nauli ya kwenda mahojiano ya kazi: hizo zina mwisho. Kama mwenyewe hawezi kukuambia mwisho wake, tafuteni pamoja kwanza.

*Pesa hizi ni zangu za kutoa?* Kodi ya nyumba yako si ya kutoa. Karo ya mwanao si ya kutoa. Pesa za Fuliza si zako kabisa. Ni deni lenye makato ya kila siku. Tangu huduma hiyo ianze Januari 2019, wapo wanaofuliza ili mchango wao usionekane mdogo. Ukifuliza kumsaidia jirani, wiki ijayo utakuwa wewe unayebisha mlango.

*Ningefanya hivi hata kama angenichukia kwa kufanya?* Swali hili nalipenda kuliko lile la kawaida la kama ungetoa bila kuonekana. Ndugu yako anakunywa, na kila akiomba kodi pesa zinaishia kwenye keg. Ukimpa mkononi atakuita kaka wa kweli. Ukimlipa mwenye nyumba moja kwa moja atakuita mjuaji anayejifanya baba yake. Lakini kitendo cha pili ndicho kitakachofanya alale ndani. Msaada wa kweli mara nyingine huja na kununiwa, na mwenye kusaka sifa hawezi kuubeba.

*Nani mwingine yumo?* Usijifanye mlango pekee. Mtu aliyebebwa na watu watano ana nafuu kuliko aliyebebwa na mmoja anayechoka.

Orodha ya WhatsApp

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo watu wa Eastlands wanapoumia zaidi.

Msiba unatokea. Saa moja haijapita, kikundi kimefunguliwa na umeingizwa bila kuulizwa. Inakuja bajeti: mochari, jeneza, gari la kubeba mwili, basi la waombolezaji, chakula. Kisha inakuja orodha. Jina na kiasi, mstari chini ya mstari, kila mtu akinakili orodha nzima na kujiongeza mwishoni. Aliyelipa anawekewa tiki ya kijani; aliyeahidi anabaki mtupu. Wa kwanza ameandika elfu tano, basi wa pili hathubutu kuandika mia tano. Kufikia mstari wa ishirini hakuna anayeangalia bajeti tena. Kila mmoja anaangalia mstari ulio juu yake.

Sisemi michango iachwe. Mitaa hii imesimama kwa kuchangiana. Waliopanga Kaloleni, Makongeni na Ziwani enzi za ukoloni walikuwa wafanyakazi walioacha jamaa zao mbali, na mtu akifa Nairobi ni wenzake waliohakikisha mwili unafika nyumbani. Vyama kama Luo Union vilifanya kazi hiyo miaka mingi kabla ya simu za mkononi. Mzee Jomo Kenyatta alipoifanya "Harambee" kuwa wito wa taifa mwaka 1963, alikuwa anataja jambo ambalo watu wa mitaa hii walishalijua.

Lakini harambee pia ilitufundisha tabia mbaya. Kwa miongo mingi tulimwona mwanasiasa akisimama kanisani, bunda la noti mkononi, kiasi kikitangazwa kwa kipaza sauti na umati ukipiga makofi. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 iliwakataza maafisa wa umma kutumia nyadhifa zao kuchangisha, na michango ile haikukoma. Julai 2024, baada ya vijana kujaa barabarani wakiuliza mamilioni ya kila Jumapili yanatoka wapi, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee. Vijana walikuwa wameona jambo la kweli: kutoa kule kulikuwa kwa ajili ya mtoaji. Orodha ya WhatsApp ni kipaza sauti kile kile, ila sasa kimewekwa mikononi mwetu.

Fanya hivi:

- Tenga kiasi cha michango cha mwezi mzima unapopata mshahara au unapofunga hesabu ya biashara. Kikiisha, kimeisha. Msiba wa tarehe 28 utapata rambirambi, mikono na miguu yako.
- Amua kiasi chako kabla ya kufungua orodha. Ukishaiona, kichwa hakifikiri tena sawasawa.
- Tuma kwanza, jiandike baadaye. Usiahidi kabisa. Kamati hukodi basi kwa kuhesabu ahadi. Ahadi zisipolipwa, basi linalipwa na mjane baada ya mazishi. Mia tatu iliyofika inamfaa kuliko elfu tatu iliyoandikwa.
- Mtumie mweka hazina moja kwa moja na umwombe akuandike kwenye daftari lake tu. Jina lako lazima liwepo kwenye daftari kwa ajili ya hesabu. Si lazima liwepo mbele ya watu mia mbili.
- Ukiwa wewe ndiye mweka hazina, tangaza jumla ya kila jioni, usitangaze nani katoa ngapi. Utapata malalamiko siku ya kwanza. Vumilia. Kina mama wa mboga waliokuwa wakiona aibu kuleta hamsini zao wataanza kuleta.

Kuna wale watakaokuambia "kutoa ni moyo, si utajiri" ili utoe usichokuwa nacho. Msemo huo unamlinda mwenye kidogo asidharauliwe. Anayeutumia kukubana ameugeuza, na una haki ya kumwambia hivyo kwa heshima.

Namna ya kukataa bila kuvunja undugu

Wengi hawakatai, husema "nitaona", "nitakucheki", "wacha niangalie mambo". Kwa msemaji hayo ni maneno ya adabu. Kwa mwenye shida ni ahadi. Anakaa siku tatu akikungoja, na siku hizo tatu angezitumia kubisha mlango mwingine. Ndiyo maana nasema "nitaona" isiyo na nia ni ukatili kuliko hapana. Inamlinda msemaji asionekane mbaya, na gharama yake inalipwa na mwombaji.

Maneno ninayopendekeza ni haya. Yageuze yafanane na mdomo wako.

Kwa jirani: "Mama, pole sana. Mwezi huu sina, na sitaki nikuzungushe. Jumamosi niko, naweza kukaa na watoto ukienda kushughulika."

Kwa ndugu mdogo: "Sitakupa pesa mkononi. Nitumie namba ya mita nikununulie tokeni." Utamtumia zile tarakimu ishirini, taa zitawaka, na hakutakuwa na cha kubishania.

Kwa mzee au mtu wa heshima: "Shikamoo mzee. Nimesikia na limenigusa. Kwa sasa mkono wangu haufiki huko. Nitakuwepo siku yenyewe, nipewe kazi yoyote." Wazee wengi wanalielewa hili vizuri kuliko vijana wanavyodhani.

Kwa rafiki anayekopa kila mara: "Ile ya kwanza bado hatujaimaliza. Tukiimaliza tutaongea tena." Kisha nyamaza. Usijaze kimya hicho kwa visingizio.

Na hapa pana kosa kubwa la watu wapole: kueleza mno. Ukitoa sababu tano, umemwonyesha milango mitano ya kukubishia. Sababu moja, ya kweli, inatosha. Wala usidanganye kwamba umelazwa au simu imeibwa. Mtaa ni mdogo na uongo wa namna hiyo hukutana nawe stendi.

Atanuna? Huenda. Siku za kwanza zitakuwa ngumu, hasa kama umezoesha watu. Usimkimbie. Msalimie kama kawaida, nunua sukuma wiki kwake kama kawaida, muulize hali ya mtoto. Hapana yako ilikuwa ya pesa, haikuwa ya mtu, na hilo ataliamini kwa kukuona, si kwa kuelezwa.

Udhamini wa Sacco

Hili nimelipa nafasi yake kwa sababu hapa haya ya dakika moja hugharimu miaka.

Mwenzako kazini au mtaani anakuja na fomu. "Weka sahihi tu, ni utaratibu." Si utaratibu tu. Ukimdhamini mtu, akiba yako inashikiliwa kwa kiwango ulichodhamini mpaka amalize mkopo. Asipolipa, Sacco ina haki ya kuwageukia wadhamini. Ndoto yako ya kununua ploti Joska au kumaliza nyumba ya wazazi inakuwa imefungwa kwa deni la mtu mwingine, naye huenda ameshahama kazi.

Kabla ya kushika kalamu:

- Muulize mkopo ni wa nini na atalipaje kazi ikiisha. Mtu anayekasirishwa na swali hilo amekujibu tayari.
- Uliza wadhamini wengine ni nani, na kila mmoja anabeba kiasi gani.
- Nenda ofisini mwenyewe uulize umeshadhamini watu wangapi. Wengi hawakumbuki.
- Dhamini tu kiasi ambacho kikipotea utaumia lakini hutaanguka, wala hutamchukia milele.
- Mwambie mwenzi wako nyumbani kabla, siyo baada.

Kumdhamini mtu mwaminifu ni msaada mkubwa kabisa. Kuna walioanza biashara kwa sahihi za wenzao watatu. Ninachopinga ni sahihi inayotiwa kwa sababu tu watu wote ofisini wanakuangalia.

Ukiamua kusaidia

Lipa penye shida. Karo iende akaunti ya shule, bili iende hospitali kwa namba ya mgonjwa, kodi iende kwa mwenye nyumba. Hakuna dharau katika hilo ukilisema mapema na kwa upole: "Nimezoea kulipa huko huko, inanisaidia kuweka hesabu."

Lakini usisahau kwamba sehemu kubwa ya msaada Eastlands haina pesa ndani yake. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Huruma usiku wa mvua, Aprili 2016, watu wa mtaa walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika, wakaanza kuchimbua vifusi kwa mikono. Hawakuwa na mitambo, na hakuna aliyewauliza kiwango cha mshahara wao. Walijua nani analala chumba kipi. Ujuzi huo wa jirani hauwezi kutumwa kwa simu.

Mambo ambayo watu huyahitaji na ni wachache wanaoyatoa:

- Kumsindikiza mgonjwa hospitali ya Mama Lucy alfajiri, kushika foleni, kubeba faili, kusikiliza daktari anasema nini ili mgonjwa asirudi na nusu ya maelezo.
- Kumsajili shosho wa ploti kwa SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Wazee wengi wanaogopa namba za kubonyeza kwenye simu. Wewe utamaliza ukiwa umekaa naye na kikombe cha chai.
- Kumlisha mtoto wa jirani anayefanya zamu ya usiku viwandani.
- Kumwandikia kijana barua ya kazi, au kumpigia simu mtu mmoja unayemjua.
- Kurudi wiki ya tatu baada ya mazishi, wakati matanga yamekwisha, viti vya kukodi vimerudishwa na hakuna anayebisha tena.

Hakuna kikundi kitakachokuwekea tiki kwa hayo. Ndiyo maana nafasi ziko wazi.

Na ukishatoa, fuatilia shida, usifuatilie shukrani. "Mtoto alipokewa shuleni?" ni swali zuri. "Ulipata ile kitu yangu?" mara ya tatu ni kudai kupigiwa makofi.

Makosa ya upesi upesi

Kupiga picha unayemsaidia na kuiweka Facebook. Kama ni lazima kuonyesha wachangiaji, piga picha ya risiti na ufiche namba zake. Kumkumbusha mtu msaada wa zamani mnapogombana kuhusu maji au kamba ya nguo. Kutoa ushauri ambao haujaombwa kwa sababu tu umetoa mia tano. Kusaidia mbali huku wa karibu wanateseka. Kuwa mwenyekiti wa kila kamati: mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mwenyekiti wa kamati sita hafanyi kazi ya hata moja.

Maswali mnayonirudishia

*"Kwani ni vibaya kutaka kushukuriwa?"* La. Binadamu hufurahi akisikia asante, na asiyeshukuru amekosa adabu. Furahi ukiipata. Shida ni pale unapochagua wa kumsaidia kwa kupima nani atashukuru kwa sauti, ukamruka mgonjwa mnyamavu wa chumba cha mwisho.

*"Mama yangu kijijini anaamini mtu wa Nairobi ana pesa. Nikikataa ananilaani."* Usimkatalie kwa simu moja moja, hapo utashindwa kila mara. Mwekee kiasi maalumu cha kila mwezi, hata kiwe kidogo, kifike tarehe ile ile. Kisha ukienda nyumbani mweleze matumizi yako wazi: kodi, nauli, karo. Wazazi wengi hawajawahi kuambiwa kodi ya chumba kimoja Pipeline ni kiasi gani, kwa sababu watoto wao huona aibu kusema wanaishi chumba kimoja. Aibu hiyo ndiyo inayowagharimu. Akina shangazi na binamu waeleze kwamba yanayohusu pesa yatapitia kwa mama.

*"Kanisani kiasi hutangazwa. Nikitoa kidogo mchungaji ananiangalia."* Toa kwa bahasha au kwa paybill kwa kiasi ulichopanga, na usikae viti vya mbele siku hiyo kama moyo wako bado ni mwepesi kuyumba. Jinsi mchungaji anavyokuangalia si sehemu ya sadaka yako.

*"Nimekuwa nikikubali kila kitu miaka yote. Nianzie wapi?"* Anza na ahadi ambazo hujatimiza. Chukua daftari, ziandike zote. Zile utakazoweza, weka tarehe. Zile usizoweza, piga simu leo useme: "Nilikuambia nitakusaidia, sitaweza. Samahani kwa kukungojesha." Simu hizo ni ngumu kuliko kutoa pesa. Baada yake usingizi huja.

*"Nikipunguza kutoa, nikifiwa mimi nani atakuja?"*

Hili ndilo pingamizi lenye uzito, wala sitalipuuza. Mtaani mchango ni bima. Watu hukumbuka nani alikuja na nani hakuja, na familia isiyochanga hujikuta peke yake mbele ya bili ya mochari. Hofu hiyo si ya kijinga.

Ila angalia watu wanakumbuka nini hasa. Waulize waliofiwa wakutajie waliowafaa, na mara nyingi watakutajia aliyelala nao usiku wa kwanza, aliyepika, aliyekwenda kuchukua kibali cha kuzika. Kiasi kwenye orodha hufutika kikundi kinapofungwa. Kwa hiyo punguza ahadi, usipunguze kufika.

Na upande wa bima, ifanye iwe bima kweli. Badala ya kutawanya mia mbili mbili kwa vikundi kumi na viwili ukitumaini kukumbukwa, jiunge na chama kimoja cha kusaidiana cha ploti, cha stendi, au cha watu mliokulia pamoja mitaa ya Jericho na Jerusalem. Chama chenye mchango sawa kwa wote na kiasi kinachojulikana cha kumpa aliyefiwa. Hapo hakuna mstari wa kuangalia juu yako, wala hakuna anayepata zaidi kwa kupendwa zaidi. Uliza kama kimesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022. Kisha omba usome katiba yake kwa macho yako: nani anahesabiwa kuwa familia, aliyechelewesha mchango anafanyiwaje, watia sahihi wa benki ni wangapi, taarifa ya M-Pesa inaonyeshwa wanachama kila baada ya muda gani. Wakikuambia katiba ipo lakini hakuna mwenye nakala, usitoe kiingilio mpaka ipatikane.